Picha kwenye gunia: miaka mia tano ya msalaba na wimbo kwa Wakongo

Jumapili moja kijana wa kwaya yetu alileta kanisani picha aliyoichora kwenye gunia la unga wa mgao. Alikuwa amelipasua gunia, akalifua, akalikaza kwenye miti minne na kulipaka nyeupe ili maandishi ya mfadhili yasionekane. Juu yake alimchora Yesu amesimama ndani ya mtumbwi, ameshika wavu, na nyuma yake ziwa na milima. Sisi tuliotoka Fizi tuliijua ile milima bila kuambiwa. Rangi zilikuwa tatu tu: masizi ya sufuria, udongo mwekundu, na bluu kidogo aliyoiomba kwa fundi aliyekuwa anapaka milango ya shule. Aliiegemeza picha karibu na kinanda, akarudi kwenye mstari wa besi.

Mzee mmoja wa kanisa alisogea, akaitazama muda mrefu, kisha akasema: "Na huyu njo Yesu? Huyu anafanana na mvuvi wa Baraka."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Baada ya ibada aliomba picha itolewe, na ikatolewa. Alitoa sababu mbili, na hakuzitoa kwa hasira. Ya kwanza ni amri iliyomo kwenye Kutoka sura ya 20 kuhusu sanamu. Ya pili ni kwamba Yesu hakuwa mtu wa Fizi, na ukianza kumchora unavyotaka, mwisho utamfundisha kusema unavyotaka.

Mimi nafundisha historia hapa kambini Nyarugusu. Kazi ya mwalimu wa historia ni kuuliza swali moja tu: jambo hili lilianza lini? Nilikwenda nyumbani nikafungua vitabu vichache nilivyonavyo na madaftari yangu ya zamani. Kumbe ugomvi wa Mzee na yule kijana ni mkubwa kuliko kanisa letu, na una umri wa miaka mia tano. Nimeuandika hapa kwa ajili yetu tunaoishi hapa, na kwa ajili ya wenzetu wa mashirika wanaokuja kutupiga picha tukiimba.

Msalaba wa shaba

Tuanzie mbali kidogo. Sisi wa Kivu ya Kusini hatukuwa raia wa ufalme wa Kongo. Ufalme ule ulikuwa upande wa bahari ya magharibi, na mji wake mkuu, Mbanza Kongo, leo uko kaskazini ya Angola. Lakini jina la nchi yetu limetoka kule, na habari ya Ukristo wa Wakongo inaanzia kule.

Mwaka 1491 mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa na mapadri wa Kireno, akaitwa João. Mwanawe Mvemba a Nzinga, aliyebatizwa jina la Afonso, ndiye aliyeishika dini hiyo kwa nguvu alipotawala katika miaka ya 1500. Alijenga makanisa na kutuma vijana Ureno kusoma. Aliandika pia barua nyingi kwa mfalme wa Ureno, nyingine za kulalamikia wafanyabiashara waliokuwa wanabeba watu wake utumwani.

Mafundi wa shaba wa Kongo walipopewa msalaba wa Kizungu wauige, hawakuishia kuiga. Waliyeyusha shaba, nyingine ikiwa imeletwa na Wareno kama malipo ya biashara, wakaimimina kwenye kalibu na kutoa misalaba yao wenyewe. Ukiona picha zake utashangaa. Kristo ana uso wa mtu wa kwao. Kwenye mikono ya msalaba na chini yake mara nyingi kuna viwatu vidogo, vingine vimepiga magoti, vingine vimekaa, mikono imekutanishwa. Mimi naisoma hivi: msalabani Yesu hakuachwa peke yake, jamii iko pale pamoja naye.

Jambo lingine: kabla ya padri yeyote kufika, Wakongo walikuwa tayari wanachora alama ya msalaba chini. Mstari mmoja ulikuwa maji yanayotenganisha walio hai na waliokufa, na mwingine njia ya kupita kutoka upande huu kwenda ule. Kwa hiyo walipoambiwa habari ya mtu aliyekufa msalabani akarudi akiwa hai, hawakuona ni lugha ngeni. Mapadri walipopungua, machifu waliendelea kuitunza ile misalaba vizazi kwa vizazi, wakaitumia kwenye viapo na kwenye kuwasimika watawala. Leo mingi iko kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, nyuma ya kioo. Fundi aliyeutengeneza kila mmoja hajulikani jina. Hilo la majina naomba mlikumbuke, nitalirudia.

Binti aliyewarudisha watu

Mwaka 1665 jeshi la Kongo lilipigwa na Wareno kwenye vita vya Mbwila na mfalme akauawa. Baada ya hapo koo za kifalme zikapigana wenyewe kwa wenyewe kwa zaidi ya miaka arobaini. Mji wa Mbanza Kongo ulichomwa, na mwaka 1678 ukaachwa kabisa. Nyasi ziliota ndani ya makanisa. Watu walikimbilia milimani, na waliokamatwa waliuzwa kwenye meli. Habari hii mnaifahamu, kilichobadilika ni tarehe na silaha tu.

Katika hali hiyo akatokea binti wa miaka kama ishirini, Kimpa Vita, aliyebatizwa jina la Beatriz. Mwaka 1704 aliugua sana, akasema amekufa na kuamka, na kwamba Mtakatifu Antoni ameingia ndani yake kumtuma. Ujumbe wake ulikuwa mwepisi kwa kusikia na mzito kwa wakubwa: vita viishe, mfalme awe mmoja, watu warudi mjini. Akaongeza neno lililowatetemesha mapadri wa Kikapuchini: kwamba Yesu alizaliwa Mbanza Kongo, na Maria alikuwa mwanamke wa Kongo.

Tazameni alivyoieneza habari yake. Alichukua sala ya Kilatini ya kumsalimu Maria ambayo watu waliizoea, akaitunga upya kwa Kikongo, akaweka ndani yake fundisho kwamba Mungu anaangalia nia ya moyo kuliko sakramenti peke yake. Watu waliishika kichwani wakaisambaza. Wajumbe wake waliitwa Antoni Wadogo, na zimebaki hadi leo sanamu ndogondogo za Mtakatifu Antoni, za shaba, za pembe na za mti, nyingine ndogo za kuvaliwa mwilini, zinazoitwa Toni Malau. Wimbo mdomoni na sanamu shingoni. Mtu anayekimbia anaweza kubeba hivyo viwili hata akiwa na mtoto mgongoni.

Lakini sitaki kumpendelea. Kimpa Vita naye aliwakataza watu kuuheshimu msalaba, akisema ni chombo kilichomuua Kristo. Mafundi wa shaba niliowasifu hapo juu wasingefurahi. Kwa hiyo hata waliotaka Yesu wa kwao hawakukubaliana achorwe vipi.

Watu walimfuata, wakaingia kwenye magofu ya Mbanza Kongo na kuanza kuishi tena. Hiyo ndiyo kazi ambayo wafalme walikuwa wameshindwa kuifanya. Tarehe 2 Julai 1706, kwa amri ya mfalme Pedro wa Nne na kwa msukumo wa mapadri, Kimpa Vita alichomwa moto. Mwaka 1709 Pedro aliuchukua mji kwa vita, na wafuasi wengi wakaishia utumwani ng'ambo ya bahari.

Nyimbo za waliohamishwa

Miaka mia mbili baadaye, sasa ni wakati wa Wabelgiji. Aprili 1921, katika kijiji cha Nkamba, Simon Kimbangu, mkatekista wa Kibaptisti, alianza kuwaombea wagonjwa. Watu waliacha mashamba na kazi za wazungu wakaenda Nkamba kwa maelfu. Serikali ikaogopa. Septemba mwaka huohuo alikamatwa, mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo, na mfalme wa Ubelgiji akaibadilisha hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alipelekwa Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, akakaa gerezani miaka thelathini, akafia humo tarehe 12 Oktoba 1951. Kazi yake ya hadharani haikufika hata nusu mwaka.

Wafuasi wake serikali iliwatawanya. Iliwang'oa vijijini, familia nzima nzima, ikawapeleka mikoa ya mbali ambako hawakujua lugha wala ndugu. Walikuwa wakimbizi ndani ya nchi yao wenyewe, ingawa jina hilo hawakupewa.

Walibeba nini? Majengo hawakuwa nayo, na kukutana kulikatazwa. Walibeba nyimbo. Katika kanisa la Kimbangu nyimbo huhesabiwa kuwa zimepokelewa: mtu anaota, au anasikia sauti, anaamka na wimbo, anawaimbia wenzake. Wimbo wa namna hiyo hauhitaji kitabu, na askari hawezi kuukuta kwenye upekuzi. Serikali ilidhani inawatawanya ili waishe. Kumbe kila mahali ilipowapeleka, ilikuwa inapanda kwaya. Desemba 1959, miezi michache kabla ya uhuru, kanisa lao lilitambuliwa rasmi, na mwaka 1960 mwili wa Kimbangu ukarudishwa Nkamba.

Wale mnaopenda ala mtafurahi kujua kwamba mwaka 1994 mjukuu wake, Armand Diangienda, alianzisha okestra kubwa mjini Kinshasa. Mwanzoni vyombo vilikuwa vichache, watu wakawa wanapokezana fidla. Nikiona vijana wetu wanapokezana gitaa moja lililotengenezwa kwa kopo la mafuta ya mgao, nawakumbuka wale.

Ngoma inaingia kanisani

Wazee wetu wengi waliopata ubatizo kabla ya uhuru watakuambia: ngoma iliachwa nje ya mlango. Wamisionari wengi, Wakatoliki kwa Waprotestanti, waliihesabu kuwa ya kipagani. Tuliimba nyimbo za kitabu, sauti za Ulaya na maneno ya Kiswahili, tumesimama wima kama askari.

Mabadiliko yalianza polepole. Kule Kamina, Katanga, padri Mfransisko wa Kibelgiji aitwaye Guido Haazen aliunda kwaya ya wavulana wa shule na walimu wao. Mwaka 1958 waliimba misa ambayo maneno yake yalikuwa ya Kilatini lakini sauti, majibizano na ngoma vilikuwa vya watu wa kwao. Wakaiita Missa Luba. Mwaka huohuo walisafiri Ulaya, wakaimba hata kwenye maonyesho makubwa ya dunia pale Brussels. Sahani zake zikauzwa nchi nyingi, na mwaka 1968 sehemu yake ikasikika kwenye filamu ya Uingereza. Ukiuliza leo ni ya nani, utatajiwa jina la padri. Wale wavulana na walimu ambao sauti zao ndizo zilizoijenga wanatajwa kwa jumla tu, "kwaya". Mnaona tena habari ya majina.

Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani maaskofu wa Kongo walidai zaidi. Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alisimama mbele katika jambo hilo. Kazi ilichukua miaka mingi, hadi tarehe 30 Aprili 1988 Roma ilipokubali utaratibu wa misa kwa majimbo ya Zaire. Humo wahudumu huingia wakicheza, na mwanzoni waamini huwaita watakatifu pamoja na mababu waliomcha Mungu. Injili husikilizwa watu wakiwa wamekaa, kama mtu anavyomsikiliza mkubwa wake, na maungamo huja baada ya mahubiri, ukishasikia ulichokosea. Ndugu zangu Wapentekoste mnaweza kusema hayo ni ya Wakatoliki. Sawa. Lakini ngoma na hatua zetu za kwaya, ambazo leo hakuna kanisa hapa kambini linaloona haya nazo, zilipita kwenye mabishano yaleyale. Kuna watu walibishana miaka mingi ili sisi tucheze bila kuomba ruhusa.

Gunia la Lubumbashi

Sasa nirudi kwenye picha. Yule kijana alidhani gunia ni umaskini wake. Nilimwambia aende taratibu. Lubumbashi ya miaka ya 1970 ilikuwa na wachoraji wengi wa mitaani waliochora kwenye magunia ya unga, wakauza picha zao kwa wafanyakazi na walimu, na watu wakazitundika sebuleni. Mmoja wao ni Tshibumba Kanda Matulu. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia yote ya nchi, picha zaidi ya mia moja, na kila picha akaieleza kwa mdomo, kwa Kiswahili cha Katanga, mbele ya profesa aitwaye Johannes Fabian aliyekuwa anamrekodi.

Lumumba na wenzake wawili, Mpolo na Okito, waliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Tshibumba alipofika hapo, aliwachora wamelala chini, na kwa mbali, nyuma yao, akaweka misalaba mitatu. Mkristo yeyote akiitazama anaelewa bila kuelezwa. Alitumia Ijumaa Kuu kusema jambo ambalo katika nchi ile, kwa wakati ule, mtu hakulisema ovyo. Baada ya mwanzo wa miaka ya 1980 Tshibumba hakuonekana tena. Picha zipo, na sauti yake ya Kiswahili ipo kwenye maandishi, kwa sababu kuna mtu alikaa naye chini akaandika.

Ukipanga haya yote kwenye mstari mmoja, fundi wa shaba, Kimpa Vita, waliohamishwa wa Kimbangu, wavulana wa Kamina, mchoraji wa Lubumbashi, unaona kwamba kwetu wimbo na picha ndivyo vilivyoibeba imani wakati nyumba, mashamba, na hata makanisa yenyewe yalipopotea. Ni kumbukumbu zetu za historia. Ila zina ugonjwa mmoja: kazi inabaki, jina la mwenye kazi linapotea.

Daftari la Mzee

Nilikwenda kwa Mzee nikamsomea haya. Alinisikiliza mpaka mwisho, amekaa kwenye kigoda chake. Kisha akaniambia: "Mwalimu, hao wa Mbanza Kongo walimchoma yule binti, hilo baya. Lakini mimi sikumchoma mtu. Nimesema tu picha itoke." Nilikubali kwamba ana haki. Hofu yake pia ina msingi. Tumeona manabii wengi, ndani na nje ya kambi, wanaomgeuza Yesu kuwa wa kwao wenyewe na kumtumia kukusanya pesa za wajane. Kulinda mlango ni kazi ya mzee wa kanisa.

Halafu akaingia ndani, akatoka na daftari lililofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Alivuka nalo ziwa mwaka 1996, usiku, ndani ya mtumbwi uliojaa kupita kiasi. Lina nyimbo za kwaya zao za kule nyumbani, Kiswahili na Kibembe, kwa wino ulioanza kufifia. Akanionyesha mmoja. Ulitungwa mlemle mtumbwini, na mama mmoja aliyekuwa amempakata mtoto, ili watu wasipige kelele za woga. Wimbo huo tunauimba hadi leo kila msiba. Mimi mwenyewe nimeuimba mara nyingi nikidhani ni wa kitabu.

Nikauliza: jina la yule mama liko wapi? Mzee akafungua ukurasa, akaufunua wa nyuma, akarudi. Halikuandikwa. Yeye analikumbuka, na wengine wawili waliokuwa mtumbwini wako hai, mmoja hapa, mwingine alishapata safari ya Marekani. Watatu wakiondoka, limekwisha.

"Andika," akaniambia. Nikaliandika pale pale, pembeni mwa wimbo. Sitalitaja humu kwa sababu familia yake haijaulizwa, lakini kwenye daftari liko.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ombi langu ni dogo. Kila kwaya ina daftari. Kwaya zetu zinapungua: kila mwaka kuna safari za ng'ambo, kuna wanaorudi nyumbani, kuna tunaowazika. Soprano anaondoka na nusu ya nyimbo kichwani. Chini ya kila wimbo andikeni mambo manne: nani aliutunga, wapi, mwaka gani, na ulitungwa kwa sababu gani. Kama ni picha, mchoraji aandike jina lake nyuma. Nyie wa mashirika, mkiturekodi tukiimba kwenye sherehe, kabla ya kuzima simu ulizeni wimbo huu ni wa nani, mwandike jibu pamoja na video, naye mwenyewe akikubali.

Kuhusu ile picha, hawajakubaliana. Mzee bado hataki iwe mbele, karibu na madhabahu. Kwa sasa imetundikwa kwenye kibanda cha masomo ya watoto ya Jumapili, ukuta wa nyuma, mahali ambapo mvua haifiki. Juzi nilimkuta Mzee amesimama mlangoni pale, mtoto mmoja anamwuliza ule mlima ni upi. Alikuwa anamtajia majina ya vijiji, kimoja kimoja, kuanzia ufukweni kwenda juu.